Mrehani Usionukia

"Harufu yake nzuri mno. Inaingia puani kabla jani halijafika mdomoni."

Niliusoma mstari huo, nikaiweka fomu mezani, nikaichukua tena nikausoma upya. Mwandiko ulikuwa wa Namba Nne, herufi zimelalia upande mmoja kama kawaida yake. Sahani aliyokuwa akiisifia ilikuwa ya Bubu.

Niwaeleze kwanza Bubu ni nani. Ni mrehani wenye majani mapana, mabichi, yanayong'aa, ukiuona utatamani kuutafuna hapo hapo. Lakini hauna harufu hata chembe. Ukiufikicha ni kama umefikicha karatasi iliyolowa. Ulituotea kwa bahati mbaya katika majaribio, na mkuu wetu wa maabara, mama asiyependa kutupa kitu, akaupa kazi. Kila siku ya kuonja, sahani moja kati ya saba inakuwa ya Bubu, na hakuna mwonjaji anayejua ni ipi. Kuna watu wana adabu kupita kiasi, wanasifu kila wanachowekewa mezani. Bubu huwaumbua.

Sisi kazi yetu ni kulima chakula cha wanaanga. Safari iliyokuwa inakuja ilikuwa ya siku elfu moja. Hakuna pakiti itakayokaa siku elfu bila vitamini zake kufifia, na njiani hakuna duka. Kwa hiyo wanaanga wanne walikuwa waondoke na bustani yao: rafu tatu, taa za rangi ya waridi, vifuko vya udongo vinavyoenea kiganjani, na mbegu nilizozichagua mimi. Tena huko juu kichwa hujaa maji, mtu anakaa kama mwenye mafua, chakula kinapoteza ladha, wengine wanakonda kwa kukosa hamu tu. Ndiyo maana nilikuwa nalima haradali, giligilani na mrehani, majani yenye kelele. Wenzangu walinibandika jina la Mama Majani, na mimi mtoto sina hata wa dawa.

Waonjaji walikuwa wanaanga wenyewe, wanne wa safari na wawili wa akiba. Waliandika namba badala ya majina ili sisi wakulima tusimpendelee mtu. Utaratibu mzuri sana. Kwangu mimi ulidumu wiki tatu.

Fomu ya kwanza ya Namba Nne niliyoisoma, miaka miwili nyuma, ilisema: "Haradali hii inatafuta ugomvi. Nipeni nyingine." Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama ni mzima. Wiki iliyofuata aliandika juu ya saladi: "Mpole, hana kosa, lakini siwezi kuishi naye." Wiki ya tatu nikajikuta najipamba asubuhi ya siku ya fomu, utadhani karatasi zina macho. Basi siku nilipokuta kwenye sinki la kunawia mikono mwanamume mrefu, mabega yameinama kidogo, akalitazama koti langu lenye madoa ya kijani akauliza, "Wewe ndiye mwenye haradali?" nilijua ni yeye kabla hajamaliza.

"Na wewe ndiye unayeomba nyingine," nikamjibu.

Alicheka. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza.

Nilimpenda mwanamume yule kwa moyo wangu wote na sioni sababu ya kuficha. Nilikubali kumsubiri siku elfu. Kila nilipomwambia tufunge ndoa kwanza, alisema hawezi kumwacha mke nyuma, akirudi ndipo atanioa, na hilo nalo nikalikubali. Aliyegoma ni mama yangu.

"Mwanaume akienda kazini anarudi jioni," alisema siku nilipompeleka nyumbani kumtambulisha. "Huyu wako atarudi baada ya miaka mitatu, tena akijaliwa. Wewe utakuwa na thelathini na saba. Mimi wajukuu nitawaona kwa darubini?"

Namba Nne alicheka. Mama hakucheka. Na siku ile ile sufuria ya mama iliungulia jikoni, Namba Nne amekaa hatua mbili kutoka kwenye moto, hana habari. Mama aliingia mbio kutoka uani, moshi umetanda. "Mwanangu, wewe huna pua?" akamuuliza. Akajibu kwamba alikuwa mbali kimawazo. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita, na alikuwa ametoka tu kuugua homa iliyomlaza siku tisa.

Niliikumbuka sufuria hiyo nikiwa nimeishika fomu, nikakumbuka pia kwamba miezi yote hiyo fomu zake zilisifu ukali na ulaini tu, neno harufu hazikuligusa, nikakaa.

Utaratibu ulikuwa wazi. Yeyote anayemsifia Bubu, mpimaji, ndiye mimi, anaandika maneno matatu chini ya fomu: apimwe pua upya. Fomu zote ziwe mezani kwa mkuu kesho yake saa nne asubuhi. Keshokutwa wanaanga wangeingia kwenye nyumba ya kutengwa, siku ishirini bila kuguswa na mtu, kisha safari. Nilimpigia simu nikamwambia apite chumba cha kuoteshea kabla ya chakula cha mchana.

Alikuja akitembea kwa raha zake, mikono mfukoni, uso wote umegeuka wa waridi kwa zile taa.

"Mama Majani, umeshanikumbuka? Sijaondoka bado."

"Fumba macho."

"Hapa? Kazini?" Akatabasamu. "Wenzako watasemaje?"

"Wewe fumba."

Akafumba. Nilichuma jani la giligilani, nikalifikicha mpaka vidole vikalowa, nikampelekea karibu kabisa na pua. Chumba kizima kilinuka giligilani.

"Hii ni nini?"

Akavuta pumzi ndefu, akajipa muda. "Mrehani," akasema. "Mrehani wako, nani asiyeujua?"

Nikanawa mikono, nikaifuta vizuri, nikamwekea puani kiganja kitupu.

"Na hii?"

Safari hii alisita. Nikaona kope zinamcheza. "Giligilani?"

"Fumbua."

Akafumbua macho, akakitazama kiganja changu kisicho na kitu, kisha akanitazama mimi. Tabasamu lilimtoka taratibu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Usiniulize."

"Tangu ile homa?"

"Tangu ile homa."

"Na daktari wa pua umempitaje?"

"Ana chupa sita," akasema, macho chini. "Kila mwaka zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kahawa, limau, karafuu, sabuni, moshi, waridi. Nilizikariri zamani bila hata kukusudia. Safari hii zikanifaa."

"Na mimi? Miezi mitano unanikumbatia, unaniambia nanukia vizuri."

"Nilikuwa nakumbuka." Akainua macho. "Unavyonukia nakumbuka. Hapo sikukudanganya."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili sikufanya. Nilishika ukingo wa rafu.

"Unajua kwa nini wanapima pua?"

"Ndani ya chombo kuna vitambua moshi kumi na vinne."

"Waya ukianza kupata moto nyuma ya ukuta, moshi wenyewe bado? Uko zamu peke yako, wenzako watatu wamelala?"

"Siku elfu tu. Usiungue hata waya mmoja."

"Hayo unaniambia mimi au unajiambia?"

Akainama akalitengeneza jani la haradali lililokuwa limeinama nje ya kifuko, polepole, kama nilivyomfundisha. Mkono ule nilikuwa naupenda. Hata dakika ile niliupenda.

"Nina miaka arobaini na moja," akasema. "Hii nimeikimbilia tangu nina kumi na tisa. Dada yangu aliacha shule nisome mimi. Leo ukienda mtaani kwake hakuna mlango ambao hajabisha hodi kusema mdogo wake anakwenda. Unataka nikamwambie nini? Kwamba nimerudishwa kwa sababu ya jani?"

"Nenda mwenyewe kwa daktari. Sema kabla hujasemewa. Utabaki na heshima yako."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikienda kwa miguu yangu nitakuwa nimejizika mwenyewe. Siwezi, mpenzi wangu." Akanishika mabega. "Nijibu jambo moja. Ningekuwa Namba Mbili, ungeandika?"

"Ningekuwa nimeshaandika."

"Basi hujaandika kwa kuwa unanipenda."

"Ndiyo. Na nikiandika, kila mtu atasema nimeandika kwa kuwa nakupenda, nisitake uondoke. Hata wewe utasema hivyo. Nifanyeje, nijigawe vipande?"

Aliniachia mabega. "Bado una mpaka kesho," akasema, akatoka, na mlango wa chumba kile hujifunga wenyewe bila kelele.

Nilifika nyumbani jua halijazama. Mama alikuwa anachambua mboga mezani. Alinitazama usoni mara moja akavuta kiti cha pili, nami nikamwaga yote, kuanzia Bubu mpaka chupa sita. Nilipofika mwisho aliweka kisu chini na nikaona uso wake unachanua. Sikuwahi kumchukia mama yangu maishani ila dakika ile nilikaribia.

"Mungu kasikia," akasema. "Mwanangu, Mungu kasikia! Si anabaki basi?"

"Mama, hujanielewa."

"Nimekuelewa vizuri. Maneno matatu, mwanaume anabaki duniani. Yaandike. Kalamu huna? Nikupe?"

"Nikiandika hatanisamehe."

"Atasusa mwezi mmoja. Baba yako alinisusa mwaka mzima kwa sababu ya redio, tukaishi."

"Hii si redio, mama! Safari ndiyo ilikuwa maisha yake yote."

"Na wale watatu wengine hawana mama zao?" Aliuliza kwa upole, akaanza tena kuchambua. "Hayo ya kukupenda au kutokukupenda yaweke pembeni. Moto ukiwaka huko, hao watoto wa watu watakimbilia wapi? Dirishani?"

Mama alikuwa amesema kile nilichokuwa nakikimbia tangu mchana, na alikisema huku amefurahi, ndiyo maana kiliniuma zaidi. Sikula. Akaniwekea chakula kando.

Asubuhi nilifika maabara mapema nikakuta Namba Nne amenitangulia. Amekaa kwenye kiti changu, fomu yake iko mbele yake, hajaigusa. Alikuwa amenyoa na kuvaa shati jeupe nililompa siku ya kuzaliwa kwake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo.

"Nimefikiri," akasema. "Njoo ukae."

Nikakaa kwenye ndoo ya mbegu iliyofunikwa, sikuwa na mahali pengine.

"Tufunge ndoa leo."

Nadhani sikupumua.

"Leo mchana. Mimi, wewe, mama yako, dada yangu. Nimeshampigia, yuko njiani. Kesho nikiingia kule ndani niingie mume wa mtu. Utakuwa na cheti, utakuwa na jina langu, mama yako hatakuwa na la kusema. Miaka miwili umekuwa ukiniomba."

"Na wewe ukawa unakataa."

"Nilikuwa mjinga."

"Na fomu?"

Akaitazama fomu. "Fomu ipeleke kama ilivyo."

Moyo wangu, msiniulize ulikuwaje. Kila usiku kwa miaka miwili nilikuwa nimelala na sentensi ile niliyotaka kuisikia, nimeipanga kwa kila namna, tuko ufukweni, tuko mvuani, tuko kwenye foleni ya mkate. Hata siku moja sikuwahi kuiota ikiwa na fomu katikati. Na nitasema ukweli wote: nilikaribia kukubali. Nilitamka hata herufi ya kwanza. Nilimwona dada yake akishuka garini na kitenge kipya, nikamwona mama akilia kwa furaha, nikajiona mimi. Kisha nikamtazama usoni nikaona ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama kalamu iliyo mfukoni mwa koti langu.

"Kama nisingeiona ile fomu," nikasema, "leo ungenioa?"

Alifungua mdomo. Angeweza kudanganya, alikuwa na mazoezi ya miezi mitano. Lakini alinyamaza, na mpaka leo namheshimu kwa ule unyamavu.

"Toka kwenye kiti changu," nikamwambia. Nilikuwa nalia wazi wazi, sikujifuta. "Nahitaji meza."

"Mama Majani."

"Naomba meza yangu."

Alisimama. Alikaa mlangoni mpaka nilipomaliza neno la tatu, kisha nikasikia viatu vyake vikienda koridoni.

Mkuu wa maabara alizisoma fomu moja moja, mbili, tatu, akafika ya nne, akasimama. Chini kabisa pana mstari wa kusaini: mpimaji hana uhusiano wowote na mwonjaji. Kwenye fomu zote za miaka miwili nilikuwa nimesaini hapo bila haya. Kwenye hii niliacha wazi.

"Umesahau sahihi," akasema.

"Sikusahau, Mkuu."

Akavua miwani. Tulifanya kazi pamoja miaka minane, aliwahi kunishika mkono hospitalini baba alipofariki.

"Ni nani wako?"

"Alikuwa mchumba wangu mpaka saa tatu na nusu."

Aliirudia fomu tangu mwanzo. "Ungesaini tu," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "mimi ningefumba macho. Sasa umeandika ukweli wote mara moja. Funguo za chumba cha kuoteshea ziache hapa, binti yangu. Huwezi tena kulima chakula cha wasafiri."

Niliziweka mezani. Nilikuwa nimezibeba kwa miaka minane.

Namba Nne alipimwa mchana ule ule kwa chupa mpya. Hakupata hata moja. Jioni jina la mmoja wa wale wa akiba lilibandikwa ubaoni, na watu waliokuwa wakinisalimia kwa Mama Majani wakaanza kunisalimia kwa kichwa tu. Mmoja nilimsikia akisema, mimi nikipita, kwamba kweli mwanamke akitaka kukushika atakushika. Sikugeuka.

Nilimsubiri Namba Nne getini. Alitoka na begi moja na boksi la vitabu, shati jeupe limejikunja mgongoni. Pembeni ya barabara dada yake alikuwa ndani ya gari, uso ameuelekeza mbele, hakunitazama hata mara moja. Gauni lake lilikuwa jipya.

"Najua ulikuwa sahihi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Usijisumbue kunieleza. Nimeshajieleza mwenyewe mchana kutwa."

"Basi twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Popote. Kwako. Kwangu. Kwa mama. Sina kazi, huna safari, tumebaki sisi. Si ndicho kilichobaki?"

Alitua boksi chini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alinitazama kwelikweli, mimi mwenyewe, na nikatamani asingenitazama.

"Kule juu ningekukosa siku elfu," akasema. "Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshapanga nitakukumbuka vipi, siku za kazi nitawaza nini, Jumapili nitawaza nini. Hapa nikikuona asubuhi nitaiona ile fomu. Nikikuona jioni, fomu. Nimejaribu tangu saa nane kukufikiria bila fomu, mpenzi. Haiwezekani."

"Itawezekana. Nipe muda. Ningekusubiri siku elfu, sishindwi kusubiri mwaka."

"Usinisubiri," akasema. "Sijaenda popote."

Aliliinua boksi lake. Alipopita karibu yangu alisimama kidogo, akainama karibu na shingo yangu kama alivyozoea, akavuta pumzi. Nikaona anajaribu. Kisha akatikisa kichwa, akaenda kwenye gari.

Simu iliita gari likiwa bado kwenye kona. Ilikuwa ni mama.

"Enhe? Amebaki?"

"Amebaki, mama."

"Nilikwambia!" Nikamsikia anapiga makofi, kisha anamwita jirani amwambie. Akarudi kwenye simu anahema kwa furaha. "Sasa sikiliza. Mwambie Jumapili aje, nitampikia mwenyewe. Mwambie mama amesema yaliyopita yamepita, aje tu kama mtoto wa nyumbani. Anapenda nini yule?"

Nilimwambia anapenda haradali, ile kali.